Casimira na Hewa Nyepesi ya Antarumi

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Hapana, nakosea. Sitini na saba nilikuwa bado nazunguka upande wa Huancavelica na punda wangu aliyekuwa hataki kuvuka maji. Basi ni sitini na tisa, maana nilikuwa nimekwisha muuza yule punda na nasafiri kwa treni, na jambo la kwanza nililofanya niliposhuka Antarumi, kituo cha juu milimani, ni kuketi juu ya gogo kando ya reli, nikingoja moyo urudi mahali pake.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza sufuria za presha. Nilibeba mkoba wa mipira ya vifuniko, misumari ya ribiti, na vile vichuma vidogo vinavyocheza juu ya mvuke. Huko juu sufuria hizo si anasa. Maji ya Antarumi yanachemka upesi, yanaruka na kupiga kelele, lakini hayana moto wa kutosha ndani yake. Utapika maharage tangu asubuhi hadi jua linazama, na bado yatalia kati ya meno kama changarawe. Sababu yake nilielezwa na fundi mmoja wa reli, nami naitoa kama nilivyoipokea. Hewa ina uzito. Lima, pwani, watu wanaishi chini kabisa ya hewa yote, kama mtu aliyelala chini ya rundo la mablanketi, na rundo hilo linayakandamiza maji yasiruke mpaka yamepata moto kwelikweli. Ukipanda mlima unapenya katikati ya rundo, mablanketi mengine unayaacha chini yako. Ukifika Antarumi yaliyobaki juu yako ni machache na mepesi, maji hayana wa kuyazuia, na kifua chako nacho kinavuta na kuvuta kisipate cha kushiba. Sufuria ya presha inafungia mvuke ndani, mvuke ukafanya kazi ya mablanketi yasiyokuwapo.

Maelezo hayo nilimpa Casimira Atachagua siku ile ile ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiko lake. Alikuwa na kibanda cha chakula hatua chache kutoka reli, na treni ya abiria iliposimama kunywa maji, yeye aliwalisha watu. Mwanamke mfupi, kifua kipana, mashavu yamepasuka kwa baridi, sketi tatu moja juu ya nyingine. Aliitazama sufuria yake muda mrefu.

"Kwa hiyo humo ndani mna Lima," akasema.

"Kwa namna fulani, ndiyo, mama."

"Basi ndiyo maana inanguruma hivyo."

Mumewe alicheka kutoka pembeni, na kucheka kukamtia kikohozi. Huyo ndiye Glicerio Huaranga, wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, amezaliwa pale pale Antarumi na baba yake amezaliwa pale pale. Midomo yake ilikuwa ya zambarau kama ya mtu aliyekula matunda ya porini, na macho yake mekundu. Mimi niliona mgonjwa. Wao waliona mtu wa mlima hasa. Rangi ile kwao ilikuwa sifa, walisema damu yake ni nzito, damu ya watu wa zamani. Na alipoanza kulalamika kwamba masikio yanamvumia mchana kutwa na kichwa hakimwachi, Casimira alifanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kule angelifanya. Alimlisha damu. Damu ya kondoo, ameikaanga na vitunguu na mnanaa wa mlimani, sahani imejaa.

"Kula," alikuwa akimwambia. "Damu inaita damu."

"Nimeshiba, Casi."

"Umeshiba wewe. Damu haijashiba."

Kumbe damu ndiyo iliyokuwa imezidi. Daktari wa mgodini alipomchoma sindano, alisema iliyotoka ilikuwa nzito kama lami. Mwili ukikosa hewa unajiongezea damu ya kuisaka, na miili mingine, sijui kwa nini, haijui kuacha. Akamwambia Glicerio ateremke pwani, na asifanye mchezo. Casimira alizisikia habari hizo akiwa na ile sahani mkononi. Akaenda kuimwaga kwa mbwa, akarudi, akaanza kumfungia mumewe nguo.

Hakuteremka naye. Kulikuwa na kondoo, kulikuwa na kibanda, kulikuwa na mama mkwe kipofu ambaye hakutaka kufia kwenye mchanga wa pwani. Ilisemwa ni kwa muda tu.

Basi hapo ndipo mimi nilipoingia katikati yao. Sikuwa na mji wala watu wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nilipanda na treni, nikateremka na treni, kote nina sufuria za kuziba. Kutoka chini nilimletea Casimira biskuti ambazo Glicerio alinunua, na kila mara pakiti zilifika zimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, maana hewa ya pwani iliyofungiwa ndani ilikuwa inatanuka. Kutoka juu nilimpelekea Glicerio maji ya chemchemi ya kwao katika kidumu cha plastiki. Nusu alikunywa mlevi mmoja wa treni kabla sijamkataza, nikakifunga kidumu vizuri tukiwa bado kileleni. Kufika Lima kilikuwa kimebonyea kila upande.

Glicerio alikigeuzageuza. Wakati huo alikuwa mlinzi wa kiwanja cha mbao, amepanga chumba kwenye mteremko wa mchanga.

"Nani kakikanyaga?"

"Hakuna, ndugu yangu. Ni hewa ya huku. Ndani mna hewa ya kwenu, haina nguvu za kusukumana na hii."

Alicheka kidogo. Kisha akakiweka dirishani, akakaa akikitazama.

"Nami ndivyo nilivyobonyea, tayta," akasema, akiniita mzee kwa lugha ya kwao. "Ila mimi haionekani kwa nje."

Kwa nje, ni kweli, alikuwa amependeza. Zambarau ilimtoka midomoni, kichwa kilimwacha, alilala usiku mzima. Kwa hiyo mwaka wa pili, mwishoni mwa Julai, sikukuu ya kuwafunga mifugo utepe masikioni ilipokaribia, alisema amepona na atapanda kwao. Sikuona ubaya. Nani angeona ubaya wa mtu kwenda kwake?

Tulishuka Antarumi asubuhi. Zenobio, binamu yake, alikuwa mfanyakazi wa treni ile, yule anayepita mabehewani na mfuko wa oksijeni akiwafufua abiria wa pwani wanaozimia. Alisimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Kaka, nikupe kidogo, au bado u wetu?"

"Wape wageni wako."

"Nauliza tu. Naona viatu vya mjini."

Uwanjani pembe zilikuwa zinalia, wanawake wanapiga vingoma vyao na kuimba, mitungi ya pombe ya mahindi imepangwa ukutani. Glicerio aliwakumbatia watu, kisha akaketi juu ya ukuta wa mawe. Akaomba chai ya majani ya koka, akasema atapumzika kwanza, kifua kinambana.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo hakuna mtu wa kwingine angelifanya. Kule juu wanaamini soroche, yaani ugonjwa wa mlima, huwapata wageni tu. Mtoto wa mahali akisema ana soroche, ni kama amesema haijui nyumba ya mama yake. Mgeni angelazwa, angefunikwa, angekatazwa hata kuinama. Mtoto wa mahali alichekwa.

"Samaki anasema maji yamemwingia puani," akasema mzee mmoja.

"Mpeni mwavuli, asije akaungua na jua," akasema mwingine.

Casimira alikuwa katikati ya wanawake, kingoma mkononi, amevaa kofia mpya. Sijapata kumwona na uso ule kabla wala baada. Alikuwa na furaha, na kwao mtu aliyekumbukwa sana hukaribishwa kwa kusutwa, kadiri alivyokumbukwa ndivyo anavyosutwa.

"Mwacheni," akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Mimi nilimpeleka pwani mwanamume, wamenirudishia bwana wa viatu vya karatasi. Nitamfunga utepe yeye, fahali nitamkamata mwenyewe."

Uwanja ulicheka. Glicerio naye alicheka. Akaweka kikombe chini, akavua koti, akaingia zizini.

Alifanya kazi mpaka mchana umekwisha. Aliwaangusha ndama kwa kamba, akawakalia shingoni watu wakiwatoboa masikio, akacheza na wanaume, akanywa, akarudi zizini. Jioni alianza kukohoa. Kulipokucha alikuwa ameketi kitandani kwa sababu hawezi kulala chali, midomo imerudi zambarau, na kifuani mwake mlikuwa na sauti. Nilipokaribia niliijua. Ilikuwa sauti ya sufuria inayoanza kupata moto, maji yanapotokota chini bila kuchemka. Aliyokuwa akitema yalikuwa povu la rangi ya waridi.

Casimira alikuwa anakoroga mchuzi.

"Anywe hiki cha moto, kitamfungua."

Zenobio alikuwa ameitwa kutoka kituoni. Alimfunika Glicerio mdomo na pua kwa kile kikombe cha mpira cha mfuko wake, akamsikiliza kidogo, akageuka.

"Shemeji, weka mwiko chini. Ateremshwe sasa hivi."

"Kateremshwa mara moja, hajapona?"

"Ndiyo kapona. Ndilo tatizo."

Tulimpakia katika behewa la walinzi la treni ya madini, Casimira amemkalisha katikati ya magoti yake kama mtoto anayesukwa nywele. Njia ile inateremka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye kuta za mlima, na kila tuliposhuka masikio yalibana, yakazibuka, yakabana tena. Mfuko wa oksijeni uliisha njiani, na tukafikiri ndiyo basi. Lakini hewa yenyewe ilikuwa inakuja. Ilikuwa inajirundika juu yetu bila kuonekana, blanketi juu ya blanketi, na ile sauti kifuani mwake ikaanza kupungua kama mtu ameondoa kuni. Karibu na Matucana alifumbua macho akauliza kama yule ndama mwekundu amefungwa.

"Amefungwa," akasema Casimira. Ndama hakuna aliyemkumbuka.

Huko chini daktari mwingine alitueleza. Mwili wa Glicerio ulikuwa umekwisha tulia na hewa ya pwani, mishipa yake imesahau yale iliyojifunza tangu tumboni, na mtu wa juu anayerudi kwao anaweza kuumia kuliko mgeni, kwa sababu mgeni anaogopa na yeye haogopi. Kwa hiyo asipande tena. Si kwa sikukuu, si kwa mazishi.

Casimira alikaa naye mpaka alipoweza kutembea hadi bombani na kurudi. Kisha akasema anakwenda kuangalia kondoo.

Mama mkwe alikufa mwaka uliofuata. Glicerio alihamia chumba chenye dirisha kubwa, akanunua jiko la mafuta ya taa, akatengeneza stuli mbili kwa mbao za kiwanjani. Kila nilipofika nilikalia mojawapo, na kila mara nilihisi nimekalia mahali pa mtu.

"Amesema nini?" aliniuliza.

"Anasema kondoo wanazaa."

"Mwaka jana pia walikuwa wanazaa. Kondoo gani hawa wasiochoka kuzaa?"

Juu nako, Casimira alimpa kila mtu sababu tofauti ya kutoteremka. Alimwambia Zenobio kwamba Lima ina ukungu unaoozesha mapafu. Alimwambia muuza mikate kwamba kibanda hakina wa kumwachia. Mimi aliniambia miguu inamvimba pwani, akiwa hajakaa pwani hata miezi miwili. Aliendelea kupika, akaendelea kuwatania abiria wa pwani wasile kwa pupa kwa kuwa hata tumbo linapanda mlima. Treni ikiondoka, alibaki yeye na upepo na nyasi za manjano, na mlio wa sufuria. Nimelala sehemu nyingi zisizo na watu, lakini sikuwahi kuona mahali palipokuwa patupu kama kibanda kile dakika moja baada ya treni kuondoka.

Nilichoka kubeba maneno ya watu wawili ambao wote walikuwa hai. Nikapanga wakutane Matucana. Ni nusu ya njia, hewa yake Glicerio aliiweza, na treni ya kupanda na ya kuteremka hupishana pale. Sikumwambia Casimira kwamba nimepanga. Nilimwambia tu kwamba Glicerio atakuwapo pale Jumapili, basi.

Casimira alikuja, na kofia yake ileile ya sikukuu. Walikula katika mgahawa ulio mkabala na kituo, mimi nikakaa meza ya jirani na supu yangu. Kwa muda mrefu walizungumza juu ya paa la nyumba.

Kisha Glicerio akasema, "Mimi sina kinyongo nawe, Casi. Ulicheka kama kila mtu alivyocheka."

"Mimi si kila mtu."

"Sikufa."

"Najua hukufa. Nakuona unakula."

"Basi njoo. Jiko lipo. Huko chini maharage yanaiva hata katika sufuria isiyo na kifuniko, unaondoka unayaacha, unarudi yako tayari."

"Basi wanihitajia nini?"

"Nimesema habari ya maharage."

Alitabasamu kidogo, Casimira, akaangalia chini. Nikafikiri limekwisha, nikaanza kuitafuta senti ya kulipia supu. Treni ya kupanda ikapiga honi kwanza. Ingalikuwa imetangulia ile ya kuteremka, labda leo ningekuwa nasimulia habari nyingine, sijui. Casimira alisimama, akamfungia mumewe kifungo cha juu cha koti kama yu mtoto, akavuka reli. Glicerio hakumfuata. Aliruhusiwa kufika pale tu, na alisimama pale hasa, pembezoni mwa jukwaa, mikono mifukoni.

Nilipanda na Casimira, kwa kuwa nilikuwa na kazi huko juu. Alikaa upande wa dirisha. Tulipovuka madaraja ya kwanza na masikio yakaanza kuziba, alisema bila kunigeukia:

"Ile iliyokuwa inachemka kifuani mwake, tayta, ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Naisikia kila nikifunga sufuria. Kila siku ya Mungu. Nasema, ile nimewasha mimi, kwa mdomo wangu, watu wanacheka. Nitamtazamaje mtu usoni mwake asubuhi na jioni?"

Tuliingia handakini, tukatoka.

"Lakini huko chini hutafunga sufuria," nikasema. "Huko haina kazi."

Aliangalia milima kwa muda mrefu, na mara moja aligusa kofia yake kama mtu anayetaka kuivua akaghairi. Zenobio alipopita na mfuko wake alisimama, akatuangalia, akaendelea bila kutania.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona Casimira. Mwaka ule moyo wangu ulinikataza milima, nikaenda kaskazini, mabondeni, ambako watu hawahitaji sana sufuria za presha, nikawa nanoa visu. Nilikaa huko kuliko nilivyokusudia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu kila mahali.

Niliporudi Lima treni ya abiria ilikuwa imeachwa, ile ya madini tu ndiyo inayopita, haisimami. Dereva mmoja wa lori aliniambia kibanda cha Antarumi anakijua. Hakina mtu. Mlango umezibwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri, mawe ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kuchagua. Kondoo hakuwaona. Zenobio, alisikia, alihamia kwa binti yake Huancayo, na binti huyo hajulikani jina.

Nikapanda ule mteremko wa mchanga, polepole, nikisimama kila nyumba kwa sababu ya moyo. Chumba chenye dirisha kubwa kilikuwa na wapangaji wengine, familia yenye redio. Hawamjui Huaranga. Jirani, mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo, yeye alimkumbuka. Alisema yule mlinzi wa mbao alihama zamani kidogo, alfajiri, vitu vimepakiwa kwenye mkokoteni. Mtu mwema, alisema, hakuwa na kelele.

Nikamuuliza, na baadaye nikawauliza wengine, mwenye duka la mafuta ya taa, wenye mikokoteni, walinzi wa kiwanja cha mbao, na bado nauliza nikikutana na mtu wa upande ule:

"Siku aliyohama, alikuwa peke yake?"